Rede, Mihogo na Picha Moja: Siku Zetu za Kwanza Bagamoyo

Siku ya 1, Ijumaa

Kivuko cha Likoni, Mombasa, tulivuka saa 11 alfajiri, na mabegi mawili na sanduku la madaftari. Mimi ni wa Kakamega, mwenzangu wa Machakos. Sote tuna miaka 24, sote tumekulia shule ya Jumapili kisha tukaifundisha, na leo ndiyo mara yetu ya kwanza kutoka nje ya Kenya. Kanisa lililotualika Bagamoyo ni dogo, waumini hawafiki mia. Barua yao ilikuwa na sentensi moja iliyotushika: "Watoto wapo, wa kukaa nao hakuna."

Horohoro, mpakani mwa Kenya na Tanzania, foleni ilikuwa fupi. Tulitoa pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na hati ya ukaazi daraja C ambayo mchungaji aliihangaikia miezi kadhaa. Ofisa alisoma neno "mmisionari", akatutazama mmoja baada ya mwingine, akasema, "Nyie watoto ndio mnakwenda kufundisha watoto?" Akagonga muhuri, akatutakia safari njema.

Tanga nimeiona dirishani tu: baiskeli kila upande, na mama mmoja amepakiwa nyuma, kakaa upande, mwavuli wazi mkononi. Jirani yangu kwenye basi, mzaliwa wa Ngamiani, alinikumbusha usemi wao: Tanga, waja leo waondoka leo. Sisi tulikaa nusu saa. Muheza tukanunua machungwa, tukapita mkonge uliopangwa mistari mpaka Segera, na Msata tukashuka barabara kuu tukapanda gari la Bagamoyo, kilomita 64 na giza limeshaingia. Mama mchungaji alikuwa kibarazani na taa. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mmekula?"

Siku ya 2, Jumamosi

Nilidhani lugha haitatusumbua, Kiswahili ni Kiswahili. Asubuhi nikaenda kwa mama lishe wa kona, nikasema kama tunavyosema nyumbani, "Nipe chai na chapati mbili." Mama yule alisimama na upawa mkononi, akanitazama bila hasira. Mama mchungaji aliyekuwa nyuma yangu akaninong'oneza, "Mwanangu, hapa tunaomba." Nikasema naomba chai, mama, na uso wa mama lishe ukafunguka papo hapo. Chai ikaja ya rangi, imekolea tangawizi. Maziwa hapa lazima uyataje.

Kisha shikamoo. Sisi wa bara tuliisoma kwenye vitabu vya shule ya msingi, tukajibu maswali ya mtihani, tukaiacha humo. Hapa kila mtoto anayepita anakuamkia, "Shikamoo anti," na huwezi kuendelea na safari yako hujaitika marahaba. Mimi wa miaka 24, marahaba! Nasi tukawa na wajibu huohuo kwa waliotuzidi: kupita mbele ya mzee aliyeketi barazani ukiwa kimya ni kumvunjia heshima, na habari itakutangulia mtaa wa pili.

Kuna mtoto wa kama miaka 7 aliyeacha mchezo ghafla akisema, "Bibi yangu ananiita." Kwetu bibi ni mke. Nilibaki nimeduwaa mpaka nilipomwona mwanamke mwenye mvi mlangoni. Bibi ni yule tunayemwita nyanya, na nyanya hapa ni ya kuungia mchuzi tu.

Mchungaji alikataa katakata tuanze lolote kabla ya kujitambulisha serikali ya mtaa. Mwenyekiti ni Mwislamu, mtu mzima, mwenye kofia ya viua. Aliandika majina yetu kwenye daftari lake kwa mwandiko mzuri, kisha akauliza mambo matatu: watoto wa nani, saa ngapi, na mtawapa nini. Kwa hilo la tatu tulijibu kwa furaha kwamba tumekuja na katoni ya biskuti. Aliweka kalamu chini.

"Biskuti acheni, wanangu. Mtoto atakuja kwa biskuti, atarudi nyumbani na wimbo, na mama yake atausikia wimbo kabla hajawasikia nyinyi. Mzazi akianza kusikia kwenu, hana neno."

Usiku mwenzangu hakulala vizuri. Katoni ile aliinunua kwa pesa yake Mombasa. Tulisoma Yohana sura ya 6, somo letu la kesho, mkate na samaki, na tukafika mstari wa 26 ambapo Yesu anawaambia watu kwamba wanamtafuta kwa sababu walikula mikate wakashiba. Nimeusoma mstari huo mara nyingi. Sikuwahi kuusoma nikiwa na katoni ya biskuti chini ya kitanda. Asubuhi mwenzangu aliitoa, akaipeleka jikoni kwa ajili ya chai ya wazee wa kanisa.

Siku ya 3, Jumapili

Watoto 17 chini ya mwarobaini, mkeka mmoja na ubao ulioazimwa. Nilisimulia habari ya mvulana mwenye mikate mitano na samaki wawili. Nilipofika kwenye samaki, mkono ukainuka.

"Anti, samaki gani? Changu au kibua?"

Nikasema Biblia haisemi. Mwingine akasema kama ni wadogo na wa kubeba safarini basi walikaangwa, maana wabichi wangeharibika mpaka jioni. Wa tatu akataka kujua nani aliwapara. Baba zao ni wavuvi, mama zao wanakaanga samaki, na walichukua dakika kumi nzima kumjadili yule mvulana kama mtu wa mtaa wa pili. Sijawahi kuona darasa likiingia ndani ya Neno namna ile.

Siku ya 4, Jumatatu

Tumeshinda vibarazani. Nyumba 11, hodi 11. Mama mchungaji anatangulia, sisi nyuma, vitenge viunoni na vitambaa kichwani. Tunasema sisi ni nani, ni Wakristo, tumetumwa na kanisa. Jumapili tunafundisha Biblia watoto wa waumini. Siku nyingine jioni tutakuwa uwanjani na yeyote kwa michezo na kusoma na kuhesabu, na humo uwanjani hatutahubiri. Hilo la mwisho tulilijadili sana baina yetu. Mwenzangu aliona kama tunamficha Yesu. Mimi naona mtu akikuamini na mtoto wake kwa ajili ya hesabu, umfundishe hesabu. Atakayetaka kujua kwa nini tunafanya haya atauliza, nasi tutajibu bila kuficha kitu.

Nyumba ya sita bibi mmoja alisema watoto wake wanaingia madrasa saa 8 na kutoka saa 10, tusije tukawagombanisha na ustadhi wao. Tukaweka saa 10 na nusu. Nyumba nne hatukupata jibu, tukaambiwa tu karibuni tena.

Jioni wakaja watoto 9, na hapo ndipo nilipojikuta nyumbani. Wasichana wawili walisimama kila upande na mpira wa soksi, mmoja akaingia katikati akikwepa. Nikapiga kelele, "Kati!" Wakanishangaa. Ule mchezo tuliocheza Kakamega mpaka tukaitwa kwa fimbo, wao wanauita rede. Brikicho yetu ni kombolela. Bano ni gololi. Sheria ni zilezile, ugomvi ni uleule, hata namna ya kudai kwamba mpira haukukugusa ni ileile. Nikavua viatu nikaingia.

Siku ya 5, Jumanne

Soko la samaki, saa 1 asubuhi. Upepo wa kusi unavuma, na vyombo vinarudi na matanga yamekunjwa. Ngalawa zinasogea mpaka maji ya magotini, samaki wanashushwa kwa ndoo na mnada unaanza mchangani. Pembeni wanawake wanakaanga kwenye makarai makubwa, moshi wa kuni unakata macho.

Watoto wako kila mahali kwa kuwa Juni ni likizo. Mmoja wa kama miaka 10 anapara samaki kwa ubao wenye vifuniko vya soda vilivyopigiliwa misumari, magamba yamemjaa mpaka kope. Nikakaa naye. Nilijaribu kumpa hesabu za kujumlisha, akanipa yeye: mafungu matano, kila fungu bei hii, mteja katoa noti hii, chenji ngapi? Alikuwa na jibu kabla sijafungua kinywa. Kusoma ndiko kunakomshinda. Ada haipo, lakini daftari, sare na kalamu havishuki kutoka mbinguni, na siku ambazo samaki ni wengi darasani haonekani. Nilimwambia aje saa 10 na nusu. "Nikimaliza," alisema. Hakuja.

Siku ya 6, Jumatano

Mchungaji alitupeleka Misheni ya Wakatoliki. Sisi si Wakatoliki, naye alisema kwa sababu hiyo ndiyo twende: waliotutangulia katika kazi hii ni hao.

Unaingia kwa njia yenye miembe mizee pande zote. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868 kutoka Zanzibar chini ya Padre Antoine Horner, na watu wa kwanza waliowalea walikuwa watoto. Walikuwa watoto waliokombolewa utumwani kwa pesa. Misheni iliwalisha, ikawabatiza kwa majina mapya, ikawafundisha kusoma, kilimo na ufundi, na walipokua ikawaozesha na kuwapa makazi katika kijiji cha Wakristo kando yake. Kipindupindu kikaja na kuua wengi, mwaka 1872 kimbunga kikabomoa majengo, wakajenga tena. Kwenye mnara wa kanisa la zamani mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, ulilazwa Februari 1874, baada ya watumishi wake Susi, Chuma na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka ndani ya bara. Watalii wengi hutaka kuuona mnara huo. Mimi niliganda kwenye makaburi.

Wamelala hapo wamisionari, na wengi hawakuuona uzee; homa iliwamaliza wakiwa vijana. Nilisimama nikiwa na miaka 24 na vidonge vyangu vya malaria mkobani.

Lililonisumbua zaidi nililisikia ndani ya makumbusho. Pesa ya kuwakomboa watoto ilitoka sehemu kubwa kwa Shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843, ambapo watoto wa Ulaya walichanga senti zao kwa ajili ya watoto wenzao wa mbali. Ili senti zije, ilibidi barua ziende. Mapadri waliandika jinsi mtoto alivyokutwa, alivyokonda, na alivyo sasa. Sitawahukumu, maana mnada wa watu ulikuwa ng'ambo tu ya bahari hii, na soko la Zanzibar lilifungwa 1873 tu. Nilijiuliza tu kama kuna mtoto aliyewahi kusomewa barua aliyoandikwa ndani yake.

Siku ya 7, Alhamisi

Tumefua. Mwenzangu ana mafua. Mchana nimetuma barua ya maombi ya kwanza kwa kundi la kanisa letu nyumbani, watu 63, na picha moja.

Siku ya 8, Ijumaa

Uwanjani watoto ni 14, na yule kijana wa kupara samaki amekuja, ananuka bahari, kakaa nyuma kabisa. Alisoma silabi "ba" na "ma" na akaniomba nimwandikie jina lake. Ningefurahi siku nzima.

Lakini msichana wa miaka 8 aliyekuwa bingwa wa kukaa kati hakuja, wala rafiki zake wawili. Nilipouliza, watoto walitazamana. Jana jioni kaka yake wa darasa la sita aliniomba simu aangalie picha za michezo, nami nikampa. Akaikuta ile ya dada yake, na chini yake maneno niliyoandika kwa mkono wangu: "Mwombeeni binti huyu, hana viatu wala nguo." Aliyasoma kwa sauti, watoto wote wakisikia.

Siku ya 9, Jumamosi

Sikuweza kula asubuhi. Mchungaji alinisikiliza mpaka mwisho, akasema niende leo, niende kwa miguu, na nisiende na zawadi.

Mama mchungaji alinisindikiza. Hodi. Karibuni. Mama mtu alikuwa anakuna nazi, akatusogezea mkeka na hakuacha kukuna. Nikamwamkia, akaitika. Nikasema nimekuja kuomba radhi, nikaeleza niliyofanya bila kupunguza, kwamba nilipiga picha bila kumuuliza, nikaituma Kenya kwa watu asiowajua, nikaandika maneno yale.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaingia ndani, akatoka na kandambili za bluu, akaziweka mbele yangu.

"Hizi zilikuwa zimewekwa alama uwanjani. Wewe mwenyewe ulicheza, uliona."

Niliona, naam. Zilikuwa mpaka wa rede, na mimi mwenyewe nilizisogeza kwa mguu.

"Na ile nguo ni ya kushindia. Mtoto anacheza mchangani na nguo gani? Ulimwona siku ya Idi? Hukumwona. Ungemwona ungemwandika vipi?"

Sikuwa na jibu. Nilisema nisamehe, mama. Akasema, "Mimi sina neno. Muombe mwenyewe." Akamwita. Msichana akaja, kasimama nyuma ya mlango, jicho moja linaonekana. Nimewahi kusimama mbele ya watu mia tatu nikashuhudia. Hapo sauti ilinitoka kwa shida. Nikamwomba msamaha nikiwa nimepiga magoti, maana ndivyo macho yetu yalivyokutana. Aliuliza jambo moja tu: "Wameiona wangapi?"

Nikamwambia ukweli. 63.

Jioni nilimwandikia katibu wa kundi, nikawaandikia wote: picha ile ifutwe, maneno yale si kweli, nilikosa. Wengi walijibu vizuri. Mmoja aliuliza sasa wataombeaje bila kuona. Nimekesha na swali lake, maana mwaka jana ningeliuliza mimi. Nyumbani nimeziona kalenda za huduma mbalimbali zenye nyuso za watoto tusiowajua, tukatoa sadaka kwa sababu ya jicho la mtoto mmoja, na hakuna siku niliyouliza kama mama yake anajua. Natamani kila kijana anayetumwa kuhudumia watoto akae nusu saa kwenye ule mkeka, kandambili zikiwa mbele yake.

Siku ya 10, Jumapili

Shule ya Jumapili, watoto 19. Mwenzangu amefundisha, mimi nimeshika vitabu. Jioni tumekula mihogo ya kukaanga kwa chumvi na pilipili pwani, tukaomba kwa majina, mtoto mmoja mmoja, na majina yote 31 tumeyakumbuka bila kutazama daftari.

Siku ya 11, Jumatatu

Saa 4 asubuhi hodi imebishwa kwetu. Ni mama yule, amevaa gauni la kutokea na mtandio, na binti yake kando: gauni la njano lenye marinda, viatu vyeusi vya mkanda, hina mikononi, nywele zimesukwa upya. Nafikiri zilisukwa jana mchana kutwa.

"Una simu nzuri," mama akasema. "Tupige."

Nikapiga chini ya mwembe wa jirani. Ya kwanza binti hakutabasamu. Ya pili alifumba macho. Ya tano mama akaitazama muda mrefu, akaikuza kwa vidole, akasema hii. Tukaenda pamoja stesheneri ya karibu na stendi, ikachapishwa kwa ukubwa wa daftari. Alikataa katakata nilipie.

Njiani nikamuuliza, kwa sababu bado nilikuwa na kiu ya kusahihisha: je, angependa niitume hii kwa watu wangu, wamwone alivyo?

"Hapana," akasema. "Hii ya kwangu." Akaitia ndani ya mkoba, akaufunga.

Saa 10 na nusu tulikuwa uwanjani. Gauni la njano limerudishwa sandukuni, nguo ni ya kushindia, kandambili za bluu zimewekwa alama kwenye mchanga. Alikaa kati raundi tatu bila kuguswa, na ya nne aliponigusa kwa mpira mgongoni nilitoka bila kubisha.